Upande Upi wa Mstari? Pindi ya Kutolingana kwa Anayekwenda Sapu

Nianze kwa kukiri. Mwaka wa kwanza nilikula sapu ya hesabu, na haikuwa kwa uvivu. Kwenye testi ya pili kulikuwa na swali la alama 20 la kuchora grafu za kutolingana. Nilichora mistari yote kwa rula, ikanyooka kama reli, nikaandika majina ya mihimili, nikatia kivuli kwa penseli taratibu kabisa. Karatasi iliporudi nilikuta alama 4. Mistari yote ilikuwa sahihi. Kivuli ndicho kilichokaa upande usio wake.

Kwa hiyo mwaka jana, mwenzangu wa gheto aliporudi mjini mwezi wa tisa kuchapa sapu ya somo lilelile, nilijua anapita njia gani. Yeye ni wa mwaka wa kwanza, mimi nilikuwa wa tatu. Ananiita dada, mimi namwita mdogo wangu, ingawa tumepishana miaka miwili tu. Alikuwa na sapu moja, na akishindwa hiyo anadisko. Msomaji mwenzangu, neno hilo unalijua, sina haja ya kulifafanua.

Tatizo lake la pili lilikuwa tumbo. Kipindi cha sapu hakuna bumu. Alikuwa na shilingi 48,000 mkononi na wiki nne mbele yake, na kila wiki alihitaji walau 30,000 za chakula, nauli, maji na umeme. Akaamua kutengeneza ubuyu na kashata za nazi, ampelekee mama mmoja mwenye genge karibu na stendi ya daladala. Wazo zuri. Ila wiki ya kwanza alikesha jikoni, akabaki na fedha pungufu, na daftari la hesabu hakulifungua hata siku moja. Jumapili jioni akaniambia, "Dada, sijui nipike nini, kiasi gani, na nisome saa ngapi."

Nikamwambia hilo ndilo swali lenyewe la sapu. Tukachukua karatasi ya grafu, tukaenda kwenye vimbweta. Pindi niliyompigia siku hiyo ndiyo ninayokuandikia hapa, hatua kwa hatua, pamoja na makosa yetu wote wawili.

Kwanza: maneno yawe masharti

Mlinganyo unasema vitu viwili ni sawa. Kutolingana kunasema kimoja ni kikubwa au kidogo kuliko kingine, na maisha yetu mengi yako huku. Hakuna anayekwambia utumie shilingi 48,000 kamili. Unaambiwa usizidishe. Alama yenyewe ya = ilianza kutumika katika kitabu cha Robert Recorde wa Wales cha mwaka 1557, na alama za < na > zilionekana katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapwa London mwaka 1631, miaka 10 baada ya kufa kwake. Karibu miaka 400 sasa, na bado zinatupeleka sapu.

Tukaita x idadi ya sufuria za ubuyu kwa wiki, na y idadi ya masinia ya kashata kwa wiki. Kisha tukaandika anachokijua:

Sufuria moja ya ubuyu inagharimu shilingi 6,000 na inatoa pakiti 50 za shilingi 200. Anauza 10,000, faida 4,000.

Sinia moja la kashata linagharimu shilingi 8,000 na linatoa vipande 70 vya shilingi 200. Anauza 14,000, faida 6,000.

Ubuyu unachukua saa 1 pamoja na kufunga pakiti. Kashata ni saa 2, maana kuna kukuna nazi. Ili abaki na muda wa msuli, jikoni asizidishe saa 10 kwa wiki.

Mama wa genge naye ana sharti lake. Wauza ubuyu ni wengi pale stendi, kwa hiyo sufuria za ubuyu zisizidi masinia ya kashata kwa zaidi ya 2.

Hapo ndipo kosa lake la kwanza lilipotokea. Aliposikia "isizidi" akaandika ≥. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Si kuna neno zidi ndani yake?" Nilicheka, halafu nikaona si jambo la kuchekwa, maana hata mimi nimewahi kulifanya. Basi liandike ukutani:

Isizidi, isivuke, mwisho wake ni: hiyo ni ≤.
Isipungue, walau, angalau: hiyo ni ≥.
Chini ya: hiyo ni <. Zaidi ya: hiyo ni >.

Kiambishi "si" kilichojificha katikati ya "isizidi" ndicho kinachogeuza maana yote. Ukikisoma haraka kinakupita kama bodaboda.

Masharti yake yakawa hivi:

Mtaji: 6,000x + 8,000y ≤ 48,000. Gawa kote kwa 2,000, unapata 3x + 4y ≤ 24.
Muda: x + 2y ≤ 10.
Soko: x − y ≤ 2.
Mahitaji: 4,000x + 6,000y ≥ 30,000. Gawa kwa 2,000, unapata 2x + 3y ≥ 15.
Na mawili ambayo watu huyasahau: x ≥ 0 na y ≥ 0, kwa sababu hakuna anayepika sufuria hasi.

Haya ya mwisho yanaonekana ya kitoto, lakini yana alama zake kwenye mtihani. Ukiyaacha, eneo lako linamwagika nje ya robo ya kwanza ya grafu.

Pili: chora mpaka

Kila sharti lina mpaka, na mpaka unaupata kwa kuifanya alama iwe = kwa muda. Chukua sharti la mtaji. Tunachora 3x + 4y = 24. Weka x = 0, unapata y = 6. Weka y = 0, unapata x = 8. Nukta mbili, (0, 6) na (8, 0), zinatosha kwa mstari mmoja. Ukiwa na wasiwasi tafuta ya tatu: weka x = 4, unapata y = 3. Kama haikukaa kwenye mstari uleule, kuna mahali umekosea.

Kabla hujapitisha kalamu, tazama alama. Kama ni ≤ au ≥, nukta zilizo juu ya mpaka zimo, basi mstari uwe kamili. Kama ni < au >, mpaka haumo, basi chora kwa mkatomkato. Mdogo wangu aliniuliza, "Dada, kweli mtu anakosa alama kwa vijistari hivi?" Nikamwambia anakosa. Hakuniamini sana siku hiyo. Tutalirudia hili mwishoni.

Muda: x + 2y = 10 unapita (0, 5) na (10, 0).
Soko: x − y = 2 unapita (2, 0) na (6, 4).
Mahitaji: 2x + 3y = 15 unapita (0, 5) na (7.5, 0).

Tatu: upande upi?

Hapa ndipo nilipozamia mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa na kanuni ya kukariri: alama ya ≤ tia kivuli chini, alama ya ≥ tia juu. Kanuni hiyo ina uhakika pale y inaposimama peke yake upande wa kushoto. Nje ya hapo inaweza kukuuza.

Njia isiyouza ni kujaribu nukta moja. Chagua nukta yoyote isiyo juu ya mstari, na rahisi kuliko zote ni (0, 0). Iweke kwenye sharti: 3(0) + 4(0) = 0, je, 0 ≤ 24? Kweli. Basi upande wote wenye (0, 0) ndio unaotakiwa.

Akaniuliza swali zuri ambalo mimi sikuwahi kuuliza: "Nukta moja inajuaje habari za nyingine zote?" Nikamjibu hivi. Tembea kutoka (0, 0) kwenda nukta nyingine yoyote upande huohuo bila kugusa mstari. Ukitembea, thamani ya 3x + 4y inapanda na kushuka, lakini haiwezi kuruka kutoka chini ya 24 kwenda juu ya 24 bila kupita 24 yenyewe. Na 24 inapatikana mahali pamoja tu: juu ya mstari. Kama hujaukanyaga mstari, bado uko chini ya 24. Ni kama kutoka Kigamboni kwenda Posta, maji lazima uyavuke. Akasema, "Si unaweza kuzungukia Kongowe?" Unaweza, dada zangu na kaka zangu, kwa sababu maji yale yana mwisho. Mstari kwenye grafu hauna mwisho. Hakuna Kongowe.

Tahadhari moja tu. Kama mstari wenyewe unapita (0, 0), nukta hiyo haifai kujaribia, maana imekaa juu ya mpaka. Mfano ni sharti la x ≤ 3y. Hapo tumia (1, 0): je, 1 ≤ 0? Uongo. Basi upande unaotakiwa ni ule usio na (1, 0).

Kwa sharti la mahitaji tulijaribu (0, 0) tukapata 0 ≥ 15, uongo. Kwa hiyo upande unaotakiwa ni ule wa mbali na chanzo. Lina maana hata bila hesabu: asiyepika chochote hapati 30,000.

Nne: hasi inapoingia

Sharti la soko ndilo lililomtoa jasho. Alitaka kuiacha y peke yake, akafanya hivi: x − y ≤ 2, akahamisha x, akapata −y ≤ 2 − x. Mpaka hapo sawa. Halafu akazidisha kote kwa −1 akaandika y ≤ x − 2. Alama ikabaki palepale ilipokuwa.

Kanuni inasema ukizidisha au ukigawa kwa namba hasi, alama inageuka. Jibu sahihi ni y ≥ x − 2. Wengi tunaikariri bila kuielewa, halafu tunaisahau kwenye chumba cha mtihani. Basi fikiria madeni. Mwenye shilingi 5,000 anamzidi mwenye shilingi 2,000: 2 < 5. Sasa fedha zote zigeuke madeni. Mwenye deni la 5,000 ndiye aliye chini: −2 > −5. Watu ni walewale, mpangilio umepinduka. Kuzidisha kwa hasi ndiko huko kugeuza mali kuwa deni, kwa hiyo aliyekuwa mbele anakuwa nyuma.

Usipoamini alama yako, rudi kwenye sharti la mwanzo kabla hujaligusa. Kwa x − y ≤ 2, nukta (0, 0) inatoa 0 ≤ 2, kweli. Ukiiweka kwenye jibu lake la y ≤ x − 2 unapata 0 ≤ −2, uongo. Nukta ileile haiwezi kuwa ndani na nje kwa wakati mmoja, basi mahali fulani umekosea. Ukaguzi huu unachukua sekunde 10. Ungeniokolea alama 16.

Tano: kivuli

Kuna wahadhiri wanaotaka utie kivuli eneo linalotakiwa, na kuna wanaotaka utie kivuli eneo lisilotakiwa. Wote wako sahihi. Asiye sahihi ni mtahiniwa ambaye hajasoma swali. Mimi kwenye testi ile nilitia kivuli bila hata kuandika kinamaanisha nini, na msahihishaji hana kazi ya kubashiri.

Ushauri wangu: swali likinyamaza, tia kivuli usilolitaka, ili eneo lako libaki jeupe. Ukiwa na masharti sita na ukatia kivuli kila unalolitaka, karatasi inakuwa kama sufuria ya mkaa na huoni kitu. Kisha andika kwa maneno pembeni: "Eneo lisilo na kivuli ndilo linalotakiwa." Sentensi moja inakutoa kwenye ubishi.

Sita: soma eneo

Tulipomaliza masharti yote isipokuwa mahitaji, tulibaki na umbo la pembe tano. Pembe zake: (0, 0), (2, 0), (0, 5), na nyingine mbili zinazotokana na mistari kukatana.

Usizisome pembe hizo kwa macho. Penseli ina unene, na macho yana huruma. Zitafute kwa aljebra. Mtaji na muda: kutoka x + 2y = 10 tunapata x = 10 − 2y. Weka kwenye 3x + 4y = 24: 30 − 6y + 4y = 24, basi y = 3 na x = 4. Pembe ni (4, 3). Mtaji na soko: x = y + 2, basi 3y + 6 + 4y = 24, y = 18/7 na x = 32/7. Yaani sufuria nne na nusu na kitu, masinia mawili na nusu na kitu.

Halafu tukaongeza mstari wa mahitaji. Ukakata eneo lote la chini, tukabaki na kipande chembamba kama ubale wa embe. Mdogo wangu akakitazama kimya. Wiki nzima alikuwa amepika kwa kubahatisha, na kumbe sehemu iliyokuwa inawezekana ilikuwa ndogo namna ile.

Na sufuria hazipikwi kwa sehemu za saba. Kwa hiyo tukatafuta nukta zenye namba nzima ndani ya kile kipande. Zilikuwa nne tu:

(0, 5): mtaji 40,000, saa 10, faida 30,000.
(2, 4): mtaji 44,000, saa 10, faida 32,000.
(3, 3): mtaji 42,000, saa 9, faida 30,000.
(4, 3): mtaji 48,000, saa 10, faida 34,000.

Angalia usikadirie ovyo. Mtu anaweza kuchukua ile pembe ya 32/7 na 18/7 akaiongeza iwe (5, 3). Jaribu: 3(5) + 4(3) = 27, na 27 imezidi 24. Umeshatoka nje. Ukikadiria, rudi ukaikague nukta kwenye kila sharti.

Faida kubwa kabisa unaipata hata kwa rula. Weka rula juu ya mstari wa 2x + 3y = 15, kisha isukume kwenda nje bila kuigeuza. Kadiri inavyokwenda, faida inaongezeka. Mahali pa mwisho inapogusa eneo kabla ya kuliacha ni (4, 3). Ndiyo sababu vitabu vinakwambia ukague pembe: rula inayosogea bila kupinda huliaga eneo penye pembe, au ikilala sawa na upande mmoja, huliaga kwenye upande wote pamoja na pembe zake mbili.

Nikamwambia basi, jibu ni (4, 3), shilingi 34,000, tufunge daftari.

Akatikisa kichwa. "Dada, mimi nachukua (3, 3)."

Nikamuuliza anaachaje 4,000.

"Mahitaji yangu ni 30,000 na inatimia. Hiyo saa moja inayobaki naweza kufanya maswali mawili ya madesa ya miaka iliyopita. Na 6,000 ya mtaji inabaki ya akiba, kama kitu kitaungua."

Nilikaa kimya kidogo. Hesabu ilikuwa imemaliza kazi yake: ilimwonyesha yanayowezekana na kumfutia yasiyowezekana. Swali la "bora" lilikuwa lake, na alikuwa amelijibu vizuri kuliko mimi. Kama mtihani ungesema "tafuta faida kubwa kabisa", jibu ni (4, 3) na usibishane na msahihishaji. Lakini mtihani huo haukuwa na mtu wa kudisko.

Si sisi wa kwanza

Usidhani hesabu ya kuishi kwa fedha ndogo ni ya gheto pekee. Mwaka 1945 mchumi wa Marekani, George Stigler, alichapisha makala akiuliza ni kiasi gani kidogo kabisa kinachotosha kumlisha mtu kwa mwaka mzima bila kupungukiwa na virutubisho. Alikuwa na vyakula 77 na mahitaji 9 ya mwili, kila moja likiwa sharti la "isipungue". Grafu yetu ina mihimili miwili, kwa vitu viwili. Yeye angehitaji mihimili 77. Akakadiria kwa akili na mbinu zake, akapata dola 39.93 kwa mwaka kwa bei za 1939.

Mwaka 1947 George Dantzig alibuni njia ya kutembea kutoka pembe moja ya eneo hadi nyingine kwa hesabu tupu, bila mchoro, mpaka kuifikia iliyo bora. Tatizo la Stigler likatumika kuijaribu. Makarani 9 wenye mashine za kukokotoa za mezani walilifanyia kazi, ikachukua jumla ya takriban siku 120 za mtu mmoja. Jibu: dola 39.69. Stigler alikuwa amekosa kwa senti 24 tu. Huko Urusi ya Kisovieti, Leonid Kantorovich alikuwa ameshalifikiria jambo la namna hiyo mwaka 1939, akiangalia matumizi ya mashine viwandani, na mwaka 1975 yeye na Tjalling Koopmans walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kompyuta leo inafanya kazi ya makarani wale kabla hujapepesa jicho. Lakini wazo ni lilelile la vimbweta: masharti, mipaka, eneo, pembe.

Wiki ya tatu

Wiki ya pili ilikwenda kama tulivyochora. Sufuria tatu, masinia matatu, saa tisa. Wiki ya tatu nilirudi kutoka kibaruani jioni nikamkuta amekaa sakafuni, karatasi ya grafu magotini.

Nazi zilikuwa zimepanda bei. Sinia moja la kashata sasa lilikuwa linagharimu shilingi 10,000 badala ya 8,000. Ili faida yake ibaki 6,000, alikuwa ameamua kukata vipande 80 badala ya 70, kwa bei ileile ya shilingi 200. Vidogo kidogo, lakini mama wa genge alikubali. Kilichobadilika ni mtaji tu, na mtaji ulikuwa ule ule wa 48,000. Nikaketi pembeni yake nikitaka kushika penseli. Akaivuta.

Akaandika mwenyewe: 6,000x + 10,000y ≤ 48,000. Akagawa kwa 2,000: 3x + 5y ≤ 24. Akachora mpaka mpya kutoka (8, 0) hadi (0, 4.8). Akajaribu (0, 0): 0 ≤ 24, kweli. Akatia kivuli upande wa nje. Kisha akazikagua zile nukta zetu nne moja baada ya nyingine.

(0, 5): 25. Nje.
(2, 4): 12 + 20 ukichanganya vibaya, lakini hakuchanganya: 6 + 20 = 26. Nje.
(4, 3): 27. Nje.
(3, 3): 9 + 15 = 24.

Akainua macho. "Dada, 24 ni ndogo kuliko au sawa na 24."

Nukta yake ilikuwa imekaa juu ya mpaka wenyewe, si ndani wala si nje. Alitumia kila shilingi ya mtaji, hakubaki na hata mia ya akiba. Lakini alama ilikuwa ≤ na mstari ulikuwa kamili. Ungekuwa wa mkatomkato, wiki ile asingekula. Sikumkumbusha swali lake la "vijistari". Alilikumbuka mwenyewe, nikamwona anapitisha kalamu juu ya mstari ule mara ya pili, akiukoleza.

Mtihani wa sapu ulikuja na swali la fundi wa meza na viti. Alitoka chumbani akaniambia kitu kimoja: "Nilijaribu (0, 0) kila mahali." Matokeo yalipotoka alikuwa na C. Yuko mwaka wa pili sasa, na kashata zake bado ni vipande 80 kwa sinia.

Zoezi lako, msomaji. Rudi kwenye masharti ya mwanzo, nazi zikiwa bado na bei nafuu. Sasa mama wa genge anabadili sharti: sufuria za ubuyu zisipungue masinia ya kashata. Andika sharti hilo, chora mpaka wake, na utafute ni nukta zipi kati ya zile nne zinazobaki. Angalizo: mpaka huo unapita (0, 0), kwa hiyo nukta ya kujaribia itafute kwingine. Ukipata nukta mbili, uko salama. Ukipata tofauti, niko kwenye vimbweta kila Jumatano jioni. Njoo na rula.